Hatari ya maporomoko ya ardhi haiishi mvua inapokatika

Kwa Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma taarifa za maporomoko ya ardhi katika magazeti yetu, na karibu zote huandikwa kwa namna moja: mvua kubwa ilinyesha usiku, mlima ukaporomoka, watu wakafariki, viongozi wakafika kuwafariji waliofiwa na kuwataka wanaoishi maeneo ya hatari wahame. Mvua husimuliwa kama adui apitaye njia, na akishapita, kila mtu hurudi kwake. Naandika kuomba tubadilishe jinsi tunavyolieleza jambo hili, kwa sababu maelezo hayo mafupi huwafanya watu warudi kulala chini ya mteremko katika siku zile zile ambazo mteremko uko tayari kuanguka. Aghalabu kinachouangusha mlima si maji tunayoyaona yakiteremka juu yake, bali ni maji yaliyokwisha kuingia ndani yake, na hayo hayaondoki jua linapochomoza.

Nilifundisha jiografia katika shule za upili za Nyanza na Magharibi hadi nilipostaafu, na sasa naishi Riat, kwenye vilima vinavyolitazama jiji la Kisumu na Ziwa Viktoria kutoka kaskazini. Eneo letu ni sehemu ya bonde la ufa la Nyanza: upande mmoja kuna genge la Nandi, yaani ukuta mrefu wa mlima, upande wa pili mwinuko wa Nyabondo, na katikati tambarare ya Kano ambayo hufurika kila mvua zinapozidi. Mafuriko ya Kano yanajulikana na kila mtu, nayo huitiwa mikutano, mahema na misaada. Miteremko iliyo juu yake haina wa kuisemea hadi siku inapoporomoka.

Udongo wa mteremko ni chembe zilizobanana, na kati ya chembe na chembe kuna nafasi. Wakati wa kiangazi nafasi hizo huwa na hewa na unyevu kidogo, na unyevu huo mdogo huzivuta chembe zikashikana. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mjengo amelishuhudia jambo hili katika lundo la mchanga: mchanga mkavu hutandaa mara tu unapomwagwa, mchanga wenye unyevu husimama wima hata ukikatwa kwa sepetu, na mchanga uliolowa chepechepe hautaki kusimama kabisa. Mteremko hupita katika hali hizo hizo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Mvua inapoendelea, nafasi zile hujaa maji, mvuto uliozishikanisha chembe hutoweka, na maji yaliyokosa pa kwenda huanza kuzisukuma chembe ziachane. Uzito wa udongo, ambao awali ulizikandamiza chembe hata zikasuguana na kukataa kuteleza, sasa sehemu yake hubebwa na maji, na maji hayana msuguano.

Wakati huo huo mzigo wenyewe umeongezeka. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 100 iliyoangukia ekari moja ni takriban tani 400 za maji. Si yote huingia ardhini, lakini hata nusu yake ikiingia, mteremko utakuwa umebebeshwa mzigo mkubwa katika saa zile zile ambazo nguvu zake za kujishikilia zinapungua. Na palipo na tabaka la mfinyanzi au mwamba usiopitisha maji chini ya udongo laini, maji hukwama juu ya tabaka hilo, yakaenea kando, na kuifanya sehemu hiyo kuwa utelezi ambao udongo wote wa juu utaupitia siku ya kushuka.

Mifano iliyo wazi kabisa ya jambo hili inatoka kwenye magenge ya pwani za ng'ambo, ambako bahari hukata chini huku mvua ikilegeza juu. Katika mji wa Scarborough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, palikuwa na hoteli iliyoitwa Holbeck Hall, iliyojengwa mwaka 1879 juu ya genge lenye kimo cha mita 60 hivi. Genge hilo ni la mfinyanzi uliochanganyika na mawe, ulioachwa hapo na barafu za kale. Wiki sita kabla ya maafa, nyufa zilionekana katika lami ya vijia vya waendao kwa miguu vilivyolikata genge. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1993 bustani iliyokuwa mbele ya hoteli ilianza kutoweka, wageni wakaamshwa alfajiri na kuondolewa, na siku iliyofuata sehemu ya jengo lenyewe ikabomoka na kufuata udongo. Takriban tani milioni moja ziliteremka hadi baharini na kutengeneza rasi ambayo haikuwapo. Hakuna aliyepoteza maisha. Wanajiolojia walipochunguza chanzo, hawakutaja dhoruba ya usiku mmoja. Walitaja mvua ya milimita 140 iliyonyesha katika miezi miwili iliyotangulia, shinikizo la maji lililojengeka ndani ya mteremko, na kasoro katika uondoaji wa maji kwenye mteremko huo.

Najua wasomaji wa Kakamega na Kericho watashangazwa na kiasi hicho, kwa kuwa sisi huweza kupata milimita 140 katika mwezi mmoja wa masika bila mtu kusema neno. Hiyo ndiyo sababu naona haifai kutafuta kiwango kimoja cha mvua kinachoangusha kila mlima. Kila mteremko una historia yake ya kunywa na kutoa maji, na hatari huanza pale unapopokea zaidi ya uwezo wake wa kutoa.

Mfano wa pili ni wa Big Sur, katika jimbo la California nchini Marekani, ambako milima huingia moja kwa moja katika Bahari ya Pasifiki. Miaka kadhaa ya ukame ilifuatwa na majira ya baridi yenye mvua nyingi mno. Tarehe 20 Mei 2017, msimu wa mvua ukiwa umekwisha kupita, mteremko wa Mud Creek uliporomoka, ukaifunika barabara kuu ya pwani, na kuongeza ekari 13 hivi za nchi kavu mahali palipokuwa maji. Barabara ilifunguliwa tena Julai 2018. Hapo pia hakuna aliyefariki, kwa sababu waliokuwa wakiisimamia barabara waliona ardhi inasogea, wakawaondoa wafanyakazi na mitambo kabla ya siku hiyo. Naomba msomaji aitafakari tarehe hiyo: genge lilianguka baada ya mvua kubwa, wakati ambapo mtu wa kawaida angesema hatari imepita.

Ndugu zetu wa Pwani wanaweza kuuliza mbona magenge ya Vuma, kule Kilifi, hayaporomoki kwa namna hiyo. Magenge hayo ni ya mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji na kuyaachia, kwa hiyo huanguka kwa vipande, hasa mawimbi yanapouchimba chini hadi sehemu ya juu ikabaki bila mhimili. Udongo wetu wa bara ni wa aina nyingine kabisa, hasa ule mwekundu mzito uliotokana na miamba ya volkeno iliyooza, ambao hunyonya maji kwa muda mrefu na kuyashikilia.

Hapa kwetu tuna maji ya kukata chini na mvua ya kulegeza juu, pia. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, mawimbi yakapiga kingo za udongo ambazo kwa miaka zilikuwa kavu. Watu waliotazama maji yakipanda waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini ukingo uliolowa huweza kuanguka hata zaidi maji yanapopungua, kwa sababu ziwa lililokuwa likiuegemea kwa nje limeondoka ilhali maji ya ndani yangalipo. Hali ni hiyo hiyo kwa kingo za mito Nzoia na Nyando. Mto umeteremka, watu wanarudi kuangalia mashamba, watoto wanasimama ukingoni kutazama vilivyosombwa, na hapo ndipo ukingo hukatika.

Sitaki nieleweke vibaya kana kwamba mvua ya saa chache haiui. Maporomoko ya juu juu, yanayovua mita moja au mbili za udongo, huweza kutokea katikati ya mvua yenyewe, nayo ndiyo huja kwa kasi kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 maporomoko ya aina hiyo yalivifunika vijiji vya Pokot Magharibi, vikiwemo Nyarkulian na Parua, na zaidi ya watu 40 wakafariki. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, chini ya genge la Elgeyo, ambako watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Ng'ambo ya Mlima Elgon, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, Uganda, kilizikwa tarehe 1 Machi 2010. Lakini hata katika maafa kama hayo, mvua ya usiku wa mwisho mara nyingi huukuta mlima umekwisha kushiba. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida, na mvua za vuli zilikuwa zimenyesha kupita kiasi kwa majuma mengi kabla ya usiku ule wa Pokot. Kiasi kile kile cha mvua kikiangukia mlima huo huo baada ya kiangazi, huenda kingeleta matope barabarani na si zaidi.

Kuna na suala la kalenda. Tumezoea kufikiri juu ya masika na vuli, lakini Magharibi mwa Kenya hunyeshewa hata mwezi wa Agosti, na ilikuwa Agosti 2007 ambapo ardhi iliporomoka na kuua watu Khuvasali, upande wa Malava katika Kakamega. Waokoaji wa mahali kama hapo wanapaswa kujua jambo moja linalosahaulika mara kwa mara. Sehemu ya chini ya mteremko ikishaondoka, sehemu iliyobaki juu imepoteza mhimili, imeachwa wima, na bado imejaa maji. Kukusanyika chini yake kwa wingi, hata kwa nia njema ya kufukua, bila mtu aliyewekwa juu kuangalia nyufa na kupiga kelele, ni kuhatarisha kijiji chote.

Sasa niseme tunayoyafanya wenyewe. Ukipita leo Riat, utaona ploti nyingi zilizokatwa kwa tingatinga upande wa mlimani ili nyumba ipate uwanja tambarare, na udongo uliochimbwa ukamwagwa upande wa bondeni kama kifusi kisichoshindiliwa. Hapo mteremko umejeruhiwa mara mbili: umeondolewa mguu wake, na aliye chini amebebeshwa mzigo juu ya kichwa. Kisha paa kubwa la mabati hukusanya mvua yote na kuitema kwa bomba moja nyuma ya nyumba, shimo la choo na shimo la maji machafu huchimbwa pale pale ukingoni, na mfereji unaovuja huachwa uvuje mwezi mzima. Bahari hula mguu wa genge kwa karne nyingi. Sisi tunaukata kwa siku moja, tena kwa idhini iliyogongwa mhuri.

Mwaka 2024, wakati wa masika yale mazito, jirani yangu mmoja aliniita nione ufa nyuma ya nyumba yake. Mvua ilikuwa imekatika, jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa uani. Ufa ulianzia nyuma ya choo, ukapinda chini ya mwembe, ukatokea kwenye ua wa miche, ukiwa mwembamba kiasi cha kuingiza vidole, na udongo wa upande wa bondeni ulikuwa umeshuka kidogo kuliko wa upande wa mlimani. Chini kidogo palikuwa na chemchemi ambayo siku zote hutoa maji maangavu. Asubuhi hiyo ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulipigilia kigingi upande huu wa ufa na kingine upande wa pili, tukapima kwa kamba na kutia fundo. Kesho yake kamba haikufika.

Tulikwenda kutoa taarifa. Ofisi ya kwanza ilituambia jambo hilo ni la mazingira, ya mazingira ikatuambia ni la ujenzi, na ya ujenzi ikataka tuandike barua na kuambatisha nakala ya hatimiliki. Jirani yangu hakungoja majibu ya barua; alihamishia watoto kwa shemeji yake, na kabla ya juma kwisha kipande kile kilishuka pamoja na choo na mwembe. Nyumba imebaki, lakini imepasuka ukuta wa nyuma. Sikumbushi jambo hili ili kumlaumu afisa yeyote kwa jina. Nalitaja kwa sababu mwananchi aliyekuwa na ushahidi mkononi, kamba yenye fundo, hakupata hata mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuupokea. Katiba yetu imeweka usimamizi wa majanga katika majukumu ya serikali ya kitaifa na ya kaunti vilevile. Jukumu la wawili lisipogawanywa waziwazi huishia kuwa la hakuna.

Husemwa kila mara kwamba dawa ni kupanda miti. Miti naipenda na nimeipanda. Mizizi yake hushika udongo wa juu na kunywa sehemu ya maji, na mteremko uliovuliwa msitu huporomoka upesi zaidi. Lakini poromoko linaloteleza katika kina cha mita kumi au ishirini hupita chini kabisa ya mizizi na kuiteremsha miti ikiwa imesimama. Mahali pa namna hiyo huhitaji mitaro ya kukinga maji juu ya mteremko kabla hayajaingia, na mabomba ya kuyatoa yaliyokwisha kuingia, kazi ambayo haina sherehe ya kupigwa picha na kwa hiyo haifanywi. Kanuni za kilimo za tangu miaka ya 1960 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Sijaona kwa macho yangu mtu akizitekeleza huku kwetu kwa muda mrefu sana.

Ninalopinga kwa nguvu zaidi ni ile kauli ya "wahame". Watu wa Marakwet, wa Pokot, wa Elgon na wa Nyabondo hawaishi mlimani kwa ujinga. Ardhi hiyo ni ya babu zao, ina rutuba, ina maji, na aghalabu ina malaria kidogo kuliko bondeni. Kumwambia mtu ahame milele bila kumwonyesha pa kwenda ni kumfukuza kwa maneno mazuri. Lakini kumwambia aondoke kwa majuma mawili, akalale shuleni au kanisani au kwa jamaa, kwa sababu mlima uliyo juu yake umejaa maji na nyufa zinapanuka, na kumwambia pia siku ya kurudi, hilo linawezekana na watu watalikubali. Kwa hilo twahitaji kujua mambo mawili tu kwa uhakika: mvua kiasi gani imekwisha kuingia, na ardhi imeanza kusogea au la.

La pili naliweka mikononi mwa machifu na wazee wa nyumba kumi. Mwananchi anayeona ufa mpya unaopinda kuufuata mteremko, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, mti au nguzo iliyoinama, chemchemi iliyozuka, iliyochafuka au iliyokauka ghafla, apige simu kwa mtu mmoja anayejulikana, na mtu huyo awe na wajibu wa kufika siku hiyo hiyo na mamlaka ya kuamuru nyumba zilizo chini zihamwe usiku huo. Ufa wenyewe ufukiwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isiingie, ila vigingi vibaki, vipimwe kila asubuhi, na vipimo viandikwe. Kupimwa huko kusikome mvua inapokatika. Kuendelee hadi kamba isiposogea tena.

La kwanza linaihusu Idara ya Hali ya Hewa na wewe, Bwana Mhariri. Utabiri tunaopewa hutueleza mvua itakayokuja, na ni jambo jema. Mvua iliyokwisha kuja haitiliwi mkazo huo huo, ingawa Idara ina vituo vya kupimia mvua Kisumu, Kakamega, Kericho, Kitale na Eldoret, na namba hizo huandikwa kila siku. Naomba Idara iwe inatoa jumla ya mvua ya siku 14 na ya siku 60 zilizopita kwa kila kituo, ikilinganishwa na wastani wa miaka mingi wa kipindi hicho, na naomba gazeti lako liichapishe jumla hiyo kila juma kando ya utabiri, mwaka mzima, hata katika majuma ambayo hakuna wingu. Ni jedwali la mistari mitano. Naibu wa chifu aliye chini ya genge la Nandi akilipata mezani kwake siku ya Jumatatu, atajua kama kikao chake cha juma hilo kizungumzie mlima.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Riat, Kisumu